Aliyesimama Nyuma ya Kiti

Kompyuta ilipoanza kunguruma kama inasaga mawe, nilitoka jua likizama, nikamwahi fundi kabla hajafunga kibanda chake, nikaja naye nyumbani. Kazi yangu ni kuchapa mazungumzo ya vikao yaliyorekodiwa. Mashine ikilala, nami nalala njaa.

Tangu nifiwe na mume, nilikuwa na wifi wawili wa kunitesa: wa intaneti na wa ndoa. Wa intaneti alikuwa akikatika. Wa ndoa hakatiki. "Toka kwenye nyumba ya kaka yangu!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Fundi alifungua boksi la mashine, akapuliza vumbi, akasugua feni kwa brashi. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebuleni.

Akawasha. Akaanza kusaka virusi. Tukasubiri.

"Dada, nani alichomeka flashi hapa?"

Wifi, nikamjibu. Alikuja kuprinti picha ya marehemu, mpole kupita kawaida.

"Basi alikuachia kirusi. Kinawasha kamera bila wewe kujua. Yeye anakuona, na picha zinahifadhiwa humu humu. Kinga yako ya virusi ni ya zamani, huisasishi. Flashi ya mtu usiifungue kabla ya kuikagua. Na kamera izibe kwa plasta."

Masikio yaliniwaka kwa hasira. Ananichungulia ndani ya nyumba yangu!

"Nionyeshe hizo picha."

Nikichapa. Nikila. Nikilia, leso mdomoni. Fundi alizipitisha haraka, kwa haya. Kisha kidole chake kikaganda.

Nyuma yangu, mlangoni, alisimama mtu.

"Unaishi na nani?" alinong'ona.

"Peke yangu."

Picha iliyofuata... yuko katikati ya sebule. Iliyofuata... nyuma ya kiti. Mrefu, ameinama kama anayesoma ninachochapa. Sura hakuwa nayo. Mahali pa sura palikuwa laini, kama yai lililomenywa.

Katika picha ya mwisho vidole vyake vilikuwa shingoni mwangu.

Nami nilikuwa natabasamu.

"Kirusi nimekifuta," fundi alisema, akizoa bisibisi zake. "Lakini huyu si kirusi, dada. Huyu simuwezi."

Hakuaga.

Nikampigia wifi. "Mchawi wee! Umenitumia nini?"

Alijibu kwa sauti ndogo, ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nilitaka kukupeleleza tu. Nikufume na mwanaume, ukoo ukufukuze. Yule... sikumtuma mimi. Nilidhani ni wako."

"Wangu?"

"Juzi nilikuwa nakuangalia. Akainua kichwa. Hana macho, lakini alinitazama... Nyumba baki nayo. Usinipigie tena."

Akakata.

Tangu hapo hakuna ndugu wa mume aliyeidai nyumba hii. Na mimi sina pengine pa kwenda. Mashine inakwenda kama mpya: naipuliza vumbi, naisasisha, naikagua, na kamera nimeiziba. Meza nimeihamisha. Siku hizi nakaa mgongo wangu umegusa ukuta, asipite mtu nyuma.

Ukuta una joto.

Jana nilijisogeza mbele kidogo...

Ukanifuata.