Ubao wa Mwanamke wa Mkono wa Kulia

"Mwanamke huyu anakatia mkono wa kulia," Shoto alisema, kidole chake kikiwa juu ya karatasi.

Shangazi yake alivaa miwani, akaiinamia ile karatasi iliyolazwa kitandani. Ilikuwa na umbo la ubao wa kukatia mboga, jeusi tii, na ndani yake mistari myeupe ya kisu, mamia kwa mamia. Chini kulikuwa na mwandiko wa penseli wa mume wa Shoto: Mikono ya Mpenzi Wangu, 3/20.

"Umeitoa wapi?"

"Karakanani anakochapia. Niliingia kwa kunyemelea. Zimeanikwa kwenye kamba kama nguo za kichanga. Nikachomoa moja."

"Na mkono wa kulia umeuona wapi humu?"

"Shangazi, mimi ni wa mashoto. Mikato yangu inalalia huku. Hii yote inalalia kule. Miaka kumi na moja namkatia mwanamume yule vitunguu, nisijue mkato wangu?"

Mumewe alikuwa mchapaji wa picha. Alipaka kitu wino, akalaza karatasi juu yake, akaigandamiza, na picha ikatoka. Siku hizi hata kuchonga alikuwa ameacha. Alichapa vitu vyenyewe: kizingiti, soli ya kiatu, mgongo wa kiti. Alisema sanaa ni wazo. Shangazi alisema sanaa ni kuchafua mashati.

"Ubao wako wewe uko wapi?"

"Ulipasuka mwezi juzi. Akautupa, akaniletea wa plastiki."

"Uliuona ulivyopasuka?"

"Nilikuwa sokoni."

"Mwanamume asiyejua kijiko kinaoshwaje, leo anatupa ubao. Hapo pana jambo."

"Na jana nimesoma simu yake." Shoto alikuwa ameuhifadhi ujumbe kichwani, nukta kwa nukta. "Umetoka kwa mtu anaitwa Fundi. 'Ya ishirini imetoka safi. Kesho saa nane njoo tumalize. Mkeo asijue bado.'"

"Asijue bado," Shangazi alirudia taratibu. "Mpigie."

Simu iliita mara sita.

"Uko wapi?"

"Niko... dukani, nanunua karatasi."

Nyuma yake kitu cha chuma kililia, na mwanamke akacheka.

"Duka hilo lina mashine?"

"Mke wangu, nitakupigia baadaye."

Sanduku la nguo za Shoto lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango. Shoto alilibeba, Shangazi akabeba ile karatasi, wakaenda.

Karakana ilinuka wino na mafuta. Mwanamke aliyevaa aproni, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, alisimama kando ya mashine ya kuchapia. Mume alikuwa ameshika msumari juu ya ubao, jasho likimtoka.

"Shikamoo, Shangazi," alisema. Kisha akaliona sanduku. Msumari ukamponyoka.

"Marahaba. Endeleeni, msituonee haya."

"Afadhali mmekuja," alisema yule mwanamke. "Mimi ndiye Fundi, mashine hii ni yangu. Kwetu wachapaji, idadi ikitimia, ubao unakwaruzwa ili isitoke picha nyingine. Huyu bwana tangu afike ananigomea."

"Ni wa mke wangu," mume alisema. "Unarudi jikoni."

Shoto alisogea. Kwenye kona ya ubao aliona duara la sufuria aliyowahi kuitua ikiwa ya moto, wiki ya kwanza ya ndoa.

"Si ulisema umepasuka?"

"Nilidanganya."

"Basi ubao ni wangu. Na picha ni ya nani? Usinifanye mtoto. Mikato si yangu."

Mume aliitazama ile karatasi mkononi mwa Shangazi, akaelewa. Kisha akampa Shoto rola ya kupakia wino.

"Chapa mwenyewe."

Shoto alipaka wino kwa mkono wa kushoto, akalaza karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko kama alivyoelekezwa. Akaibandua. Ubaoni mikato ilikuwa imelalia huku. Karatasini ilikuwa imelalia kule, na duara la sufuria limehamia kona ya pili.

"Kila kinachochapwa hutoka kimegeuka," Fundi alisema. "Kama uso kwenye kioo."

"Mke wa mchapaji miaka kumi na moja," Shangazi alinong'ona, "na hilo hujui?"

"Nani aliwahi kunileta humu?" Shoto hakumtazama Shangazi. Alimtazama mume.

Mume aliinamisha kichwa. "Hilo ni kosa langu. Na kukuficha pia. Nilitaka uione kesho ukutani, kwenye maonyesho." Akageuza picha ya kwanza. Nyuma yake kulikuwa na mistari miwili ya sahihi. Kwenye mmoja, jina lake: kapaka wino. Mwingine haukuwa na jina, neno moja tu: kachonga.

"Umechonga wewe, kila siku, kabla ya chakula. Mimi sikuweka hata mkato mmoja."

Shoto alichukua penseli. Alitia sahihi picha zote ishirini, pole pole, ile ya tatu aliyoibeba Shangazi ikiwa ya mwisho, imekunjika kidogo kwa safari.

"Na ubao?" Fundi aliuliza. "Lazima ukwaruzwe."

"Nikikata kitunguu kimoja, utakuwa ubao ule ule?"

Fundi alifikiri. "Hapana. Mkato mmoja unatosha."

"Basi niachieni."

"Tutakula wino," Shangazi alisema.

"Utasuguliwa kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni," mume alisema. "Nitasugua mimi."

"Utasugua," Shoto alisema. "Na sanduku utabeba wewe."