Blanketi Jekundu la Tladi

Kila asubuhi Mzee Rantsane, au Ntate Rantsane kama Wasotho wasemavyo, alimwamkia farasi wake kabla hajamwamkia mtu yeyote. Alitoka na kikombe cha chai mkononi, blanketi lake mabegani, akaenda hadi kwenye zizi la mawe.

"Umeamkaje, bwana mkubwa?"

Tladi alipuliza pua, akanyoosha shingo.

Mamohau, mke wa Rantsane, alicheka kutoka jikoni. "Na mimi niote mkia, ndipo nisalimiwe?"

Rantsane alikuwa amefanya kazi miaka thelathini chini ya ardhi, kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Alirudi Lesotho na goti bovu, kikohozi na kiinua mgongo kidogo. Kwa fedha hizo alimnunua Tladi. Pale kijijini Ha Moqekela, juu milimani, gari halifiki. Farasi ndiye anayebeba mahindi kwenda kusagwa na mgonjwa kwenda zahanati. Farasi wa Rantsane alikuwa mzuri kuliko wote, na Rantsane hakuacha watu wasahau.

Limpho, mke wa mtoto wao, ndiye aliyemlisha Tladi na kumpeleka mtoni. Mumewe, Thuso, alifanya kazi mbali.

Mwezi wa nne ulipoingia, kipupwe kikikaribia, alfajiri zikaanza kuuma. Rantsane akashuka mjini, akarudi na blanketi la farasi. Lilikuwa jekundu, nene kama godoro, lina mikanda kifuani na tumboni. Watu walitoka kutazama. Tladi alipovalishwa, wazee walipiga mbinja.

Nthofeela alisimama akatazama, mikono kiunoni. Alikuwa jirani yao, mjane mwenye farasi saba wa kubeba wageni wanaokwenda kuona maporomoko ya maji.

"Blanketi zuri, Ntate," alisema. "Lakini ni la bandani, la baridi kali. Saa hizi jua linawaka. Na mvua ikinyesha, kitambaa hiki kitanywa maji."

Rantsane alicheka kwa sauti, ili wote wasikie, akamwita Mme, yaani mama. "Mme Nthofeela, sisi Wasotho tunajifunika blanketi mwaka mzima. Farasi wangu naye ni Msotho!"

Watu wakacheka.

"Sawa," akajibu Nthofeela. "Lakini wewe ukisikia joto unalivua. Yeye atavuliwa na nani?"

"Mwanamke anifundishe mimi farasi? Nilipanda farasi kabla sijajua kutembea."

Nthofeela akaenda zake.

Usiku ule Rantsane alimwambia Limpho, "Blanketi lile ni mali. Usiliguse. Mikanda yake inakatika ovyo."

"Hata kulikung'uta vumbi, Ntate?"

"Nimesema usiliguse."

Wiki tatu zikapita. Goti la Rantsane lilivimba, hakuweza kupanda farasi. Tladi alisimama zizini na blanketi lake, mchana juani, usiku kwenye baridi. Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Kila asubuhi Rantsane alimwamkia kutoka nje ya ukuta, akaridhika kuona wekundu ule.

Siku moja Limpho alisema, "Ntate, blanketi linanuka. Na Tladi anajikuna kwenye mawe."

"Farasi ananuka farasi. Wewe angalia vyungu."

Lakini Rantsane naye aliona jambo. Shingo ya Tladi ilikuwa imekonda. Hakujiuliza kwa nini. Alitafuta wa kulaumiwa, na mtu wa karibu alikuwa Limpho.

Jioni, wakila ugali na mboga za majani, alisema bila kumtazama, "Mahindi ya farasi yanakwenda wapi katika nyumba hii? Au mbuzi wa mama yako wamenenepa siku hizi?"

Mamohau alishtuka. "Baba Thuso!"

Limpho aliweka sahani chini. Alikuwa hajala tonge la tatu. Akainuka, akatoka.

Juma lililofuata bwana mifugo alifika kuchanja farasi. Kijiji kizima kilikusanyika uwanjani, karibu na nyumba ya chifu. Rantsane alimleta Tladi amevaa blanketi lake. Wengine walileta farasi watupu. Alijiona kama mtu aliyekuja harusini na suti.

Zamu yake ikafika.

"Mvue," akasema bwana mifugo.

"Choma shingoni tu, daktari. Atapata baridi."

"Baridi gani, mzee? Mimi mwenyewe natoka jasho. Nataka kuona mwili, si nguo."

Rantsane alifungua mikanda. Alivuta blanketi. Halikutoka. Akavuta tena, Tladi akaruka na kulia.

Blanketi lilikuwa limegandana na ngozi.

Lilipotoka, harufu ikaja kwanza. Watu walirudi nyuma. Kisha wakaona. Manyoya ya mabega yalikuwa yamesuguliwa yote. Pale mgongo unapoanza, chini ya shingo, palikuwa na vidonda viwili, vibichi, vyenye usaha. Mgongoni manyoya yalitoka kwa vibonge, na ngozi chini yake ilikuwa na magamba. Mbavu zilihesabika.

Hakuna aliyecheka. Rantsane angependa wacheke.

"Huyu farasi ni wa nani?" akauliza bwana mifugo, ingawa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, hatamu mkononi.

Rantsane alianza kukunja blanketi.

"Ni wa Ntate Rantsane," mtu akajibu kutoka nyuma. "Yule aliyezaliwa juu ya farasi."

Limpho alikuwa amesimama na wanawake wengine. Rantsane alimwona. Limpho akatazama chini, kama kwamba aibu ile ilikuwa yake. Hapo Rantsane alitamani ardhi ipasuke immeze, na yeye alikuwa mtu aliyeishi miaka thelathini mgodini akiogopa jambo hilo hilo.

Bwana mifugo alisafisha vidonda, akampa dawa. "Hana ugonjwa wa tumbo, wala hakunyimwa chakula," alisema. "Amekonda kwa sababu alilowa jasho mchana na kuganda usiku. Chakula chote kimeishia kupigana na baridi ya maji. Usimvalishe kitu hadi apone. Asifungwe tandiko miezi miwili."

Rantsane alirudi nyumbani kwa miguu, akichechemea, akimwongoza Tladi. Blanketi alilibeba begani. Lilikuwa bado zito kwa maji ya mvua na jasho.

Siku tatu hakutoka nje. Alimwosha Tladi vidonda alfajiri, kabla watu hawajaamka. Siku ya nne Mamohau alimwambia, "Aibu haioshi kidonda. Nenda kwa anayejua."

Akaenda. Alisimama langoni kwa Nthofeela, kofia mkononi. Nthofeela alikuwa anasugua farasi mweupe kwa burashi. Alimwona, akaendelea kusugua. Rantsane alisubiri. Alijua anastahili kusubiri.

"Mme Nthofeela," alisema mwishowe, "nimekuja kufundishwa."

"Na mwanamke?"

"Na mwanamke."

Nthofeela aliweka burashi chini. Hakutabasamu, lakini alifungua lango.

"Leta mkono," alisema. Akauweka kwenye manyoya ya farasi. "Unasikia yalivyoanza kuwa mazito? Hili ndilo blanketi lake la kwanza. Ameshonewa na Mungu. Baridi ikija polepole, yanaota. Ukimfunika mapema, hayaoti. Farasi mzima, mwenye chakula na ukuta wa kumkinga upepo, siku nyingi hahitaji blanketi lolote."

"Sasa yako haya ni ya nini?" Rantsane alionyesha mablanketi matatu yaliyoanikwa ukutani.

"Hili jepesi la turubai halipitishi maji. Ni la mvua yenye upepo. Halina pamba ndani, kwa sababu mvua ya huku mara nyingi haina baridi kali. Hili nene ni la theluji. Gusa juu. Nalo halipitishi maji. Lako ni nene, lakini nje yake ni kitambaa tu. Linafaa bandani, penye paa."

"Sina banda. Nina zizi."

"Ndiyo hivyo. Na lile la tatu, lenye matundu kama chandarua, ni la kiangazi, kuzuia nzi. Jua likiwa kali, sivalishi kabisa."

"Nitajuaje siku ya kuvalisha?"

"Usiulize mwezi. Usijiulize wewe unasikiaje. Wewe ukitetemeka, yeye huenda yuko sawa. Ingiza mkono chini ya blanketi, nyuma ya bega. Pakiwa na unyevu, ana joto, mvue. Pakiwa pakavu na vuguvugu, mwache. Akijikunja na kutetemeka, ongeza, na mpe majani makavu zaidi. Kula kunamtia joto."

Rantsane alirudia maneno yale taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Na usimvalishe akiwa amelowa," Nthofeela aliongeza. "Utafunika maji. Na lazima limkae. Mpime kwa kamba, kutoka katikati ya kifua hadi mwanzo wa mkia. Lako lilikuwa dogo, ndiyo maana lilimkata mabega. Na kila siku, Ntate, kila siku ulivue utazame mwili. Blanketi linaficha. Hilo ndilo baya lake kubwa."

Rantsane aliinamisha kichwa. "Limpho aliniambia linanuka."

"Ulimjibu nini?"

Rantsane alivaa kofia yake, akaaga.

Jioni ile alimkuta Limpho akichota majivu. Si kawaida baba mkwe kumwomba radhi mkwe wake, na Rantsane hakujua maneno yake. Akasema tu, "Mwanangu, nilikuita mwizi."

Limpho hakuacha kuchota. "Ulimwita na mama yangu, Ntate."

"Kweli."

"Mimi niko hapa. Yeye hayupo kujitetea."

Juma lililofuata Rantsane alikwenda kwa mama yake Limpho, mabonde mawili mbali. Alikwenda kwa miguu, kwa sababu farasi wake hakuweza kufungwa tandiko. Kila aliyekutana naye njiani aliuliza Tladi yuko wapi, naye akamwambia kila mmoja ukweli. Aliporudi, goti lilikuwa limevimba kama boga. Limpho alimkandia kwa maji ya moto. Usiku huo Limpho alikula sahani yake yote.

Tladi alipona polepole. Manyoya yake yaliota, mazito kama ya kondoo. Rantsane na Limpho walimpima pamoja kwa kamba, wakanunua blanketi la mvua na la theluji kwa urefu ule. Lile jekundu Mamohau alilichemsha, akalikata, akaliweka mlangoni kuzuia upepo.

Mwezi wa saba theluji ilianguka. Njia ikafungwa. Zahanati iliishiwa dawa, na mfuko wa dawa ulikuwa umekwama ng'ambo ya mlima. Rantsane na Tladi walikwenda kuuchukua. Walirudi alasiri, farasi akifuka mvuke kwa jasho.

Mamohau alikuja mbio na blanketi nene. "Mfunike upesi, atakufa baridi!"

"Bado," akasema Rantsane. Alimzungusha Tladi taratibu nyuma ya ukuta, upepo usipofika. Limpho alileta konzi za majani makavu, wakamsugua wote wawili hadi akakauka. Ndipo wakamvalisha.

Kulipopambazuka, Limpho aliingiza mkono chini ya blanketi, nyuma ya bega.

"Pakavu, Ntate. Na pana joto."

Theluji ile iliua farasi wawili wa bonde la juu. Tladi alimaliza kipupwe na mbavu zimefunikwa.

Lakini pale vidonda vilipokuwa, manyoya yaliota meupe. Hayakubadilika tena. Mwezi wa tisa alikuja mnunuzi kutoka nyanda za chini, akamzunguka Tladi, akapendezwa.

"Alama nzuri hizi mbili," alisema. "Alizaliwa nazo?"

Limpho alikuwa amesimama karibu na ndoo ya maji. Rantsane angeweza kuitikia kwa kichwa tu.

"Hapana," alisema, na uso wake ukawaka. "Nilimtia mimi. Kaa chini nikueleze, usije ukamfanyia wako."