Usifungue, Peleka Tu

Jua lilikuwa linazama Digrii alipoingia ofisini na shati la kuazima. Jina hilo alibandikwa na vijana wa mtaani kwa dhihaka: shahada ukutani, mifuko mitupu. Leo alikuwa amepata kibarua cha kusafisha inboksi ya kampuni, iliyojaa mpaka imeili mpya zikawa haziingii. Yaani msomi mzima, aje afagie takataka za kompyuta. Siriasi?

Madamu, mwenye ofisi, alimwonyesha kiti. Nyuma yake kulikuwa na kabati la chuma lenye droo tupu mpaka darini. Barua zote za kuomba kazi ziende folda ya kumbukumbu, alimwelekeza.

"Usifungue hata moja," alinong'ona. "Peleka tu."

Mlangoni akageuka, akasema nafasi moja iko wazi, kama ana ndugu. Digrii hakungoja. Alimwandikia mdogo wake wa kike palepale: tuma maombi sasa hivi.

Kisha akaitazama inboksi, damu ikamchemka. Maombi juu ya maombi, hakuna hata moja lililofunguliwa. Kumbe! Watu wanauza simu wapate nauli ya intavyuu, wanafunga na kusali, na barua zao hazijawahi hata kunuswa. Akaitafuta ya kwake, aliyowahi kutuma hapo. Ilikuwepo, imelala. Akaifungua, amri au si amri, akaisoma mpaka saini.

Halafu akaanza kazi. Akapeleka moja.

Du.

Kitu kiligonga ndani ya kabati. Panya, alijiambia. Akapeleka nyingine. Du... na baada yake, sauti ya kuni kavu zikivunjwa gotini. Harufu ya buchani ikampanda puani.

Alitaka amalize aondoke. Akaweka kichujio: kila imeili yenye kichwa "Maombi ya Kazi" ijipeleke kumbukumbu yenyewe, za zamani na zitakazoingia. Ujanja wa msomi. Akabonyeza.

Kabati zima likapiga yowe.

Droo zilitikisika kama watu wanatupwa ndani toka ghorofani. Damu ikachuruzika hadi kwenye viatu vyake. Akavuta droo ya karibu kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mtu aliyekunjwa kama karatasi, magoti yamesukumwa hadi mabegani, taya linaning'inia. Alimtambua. Profesa, kama walivyomwita mwenzake wa dawati moja chuoni. Bado alikuwa anahema.

"Nani... kanipanga humu?"

Simu ikaita. Mdogo wake.

"Kaka, kichwa nimeandika 'Maombi ya Kazi', kama ulivyonifundisha."

"Usitume."

"Mbona ishaenda?"

Inboksi sasa ilikuwa na nafasi. Kwenye simu kiti kilianguka, kikafuata kilio kilichokatwa katikati.

Nyuma yake, droo ya chini kabisa.

Du.

Aliirukia, akaing'ang'ania hadi kucha zikang'oka. Haikufunguka. Madamu akaingia, taratibu. Digrii alimkamata, akausukuma mkono wake kwenye droo tupu, akaifunga kwa teke. Tena. Na tena. Vidole vyote vilidondoka sakafuni kama chaki. Hakuna tone la damu. Madamu hakupepesa hata jicho.

"Mbona wewe hukuingia?" aliuliza kwa upole. Akachungulia kompyuta, akaiona barua moja iliyofunguliwa. "Aa. Wewe umesomwa."

Digrii akaelewa. Akaingia kumbukumbu, akaifungua barua ya mdogo wake, akaisoma kwa sauti, toka tarehe hadi "wako mtiifu". Alipoinua kichwa, Madamu hayupo.

Na droo ilikuwa imesogea. Upana wa ukucha.

Siku hizi Digrii haombi kazi popote. Anayo. Jua likishuka hukaa kwenye kiti kile, huzifungua barua za wenzake, ya mdogo wake huiacha mwisho. Kila akiisoma, droo hujisogeza kidogo, na sauti hunong'ona toka ndani, "Kaka, rudia."

Jana mkono ulitoka nje. Ulikuwa na bangili ya mdogo wake. Digrii alipiga magoti, akaushika, akaulilia.

Kisha akauangalia vizuri.

Haukuwa na kidole hata kimoja.

"Rudia," sauti ilisema, kwa upole.

Alirudia.