Tawi Moja na Ng'ombe wa Baba

Mnada wa Tarime ulikuwa umefurika siku fahali wa mtu alipomkanyaga Gati buti. Gati alikuwa amevaa koti jeupe la maabara, gauni la kitenge likichungulia chini yake, na mkononi bahasha ya nywele za mikia ya ng'ombe.

"Pole, daktari," alisema mwenye fahali, kijana mrefu wa Nyanungu aliyeitwa Heche, shati la drafti limefungwa vifungo hadi shingoni. "Hizo nywele unamsukia nani?"

"Nakusukia wewe, mura," Gati alijibu, akimwita kijana kwa Kikurya. "Shika mkia!"

Alicheka, akashika. Gati akamwonyesha kazi yake kwenye simu: kompyuta inapima asili ya kila ng'ombe kutoka kwenye nywele zake, kisha inachora mti. Wanaofanana wanakaa tawi moja.

"Mimi na wewe tungekaa tawi gani?"

"Wewe? Lile la mbali, lililokauka."

Mdomo ulisema hivyo, lakini moyo ulikuwa umeshakwenda. Simu zikawa hazipoi. "Umekula, mpenzi?" "Sijala, nakuwaza wewe." Heche akaruhusu hata ng'ombe wa kwao wapimwe, wale wale waliotengwa kwa mahari ya Gati.

Mchoro ulipotoka, Gati aliusoma mara mbili. Ng'ombe wa kina Heche walikaa tawi moja na wa baba yake Gati. Na zizi la baba liliwahi kuvamiwa, wengi wakaibwa, na Mogesi, kaka yake Gati, akauawa akiwafuata. Msomi mzima hakuuliza zaidi. Alimpelekea baba mchoro.

Wazee wa Nyanungu walipofika na mahari, baba aliwazuia langoni.

"Ng'ombe wenye damu ya mwanangu hawaoi hapa!"

Waliondoka hata maji hawakunywa. Jioni Heche akapiga.

"Gati, sisi ni wezi?"

"Mti umeonyesha, Heche. Tawi moja."

"Umeonyesha wana asili moja. Umeonyesha pia walifikaje kwetu? Muulize mama yako ng'ombe waliomwoa yeye walikwenda wapi." Akakata.

Mama alikuwa akipepeta ulezi. "Si walikwenda kwa wajomba zako? Nao wakawatoa mahari ya shangazi yake Heche, ndipo wakafika kwa kina Heche. Baba yako alijua, ila hasira ilimziba masikio."

Gati alilia hadi sauti ikamkauka. Heche hakupokea simu. Ilimchukua Gati siku nyingi kumsihi baba, na mzee alipokubali kwenda kuomba radhi, Gati alipiga tena. Safari hii Heche alipokea, na nyuma yake zilisikika nyuzi za litungu na vigelegele.

"Heche wangu, nimekosea. Baba anakuja kwenu. Huko kuna nini?"

"Niko Kerende. Baba yangu alikataa ng'ombe waliofukuzwa warudi zizini kwake. Wameshaniolea Tabitha, binti wa huku."

"Unampenda?"

"Ni msichana mzuri. Gati, usinipigie tena. Nikiona jina lako, nitapokea."