Mirija Iliyotolewa Kwenye Baridi

Kila Jumamosi asubuhi, Ininahazwe alimsaidia shangazi yake, Esteri, kufagia chumba chake cha kazi mjini Kasulu. Esteri alikuwa mtaalamu wa uhimilishaji: aliwapandikiza ng'ombe mbegu za dume bora bila dume mwenyewe kuwepo. Mbegu hizo zilikuwa ndani ya mirija myembamba, zimegandishwa katika mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali kuliko barafu.

"Kitu kilichoganda kinawezaje kuwa hai?" Ininahazwe alijiuliza kila alipoupita mtungi ule.

Jumamosi moja, shangazi alipokwenda kuchota maji, Ininahazwe alifungua kifuniko. Akavuta juu kikombe kirefu chenye mirija. Moshi mweupe ukamwagika hadi sakafuni. Akaitazama mirija ile, akashangaa, akasahau muda. Aliposikia hatua za shangazi, akairudisha haraka.

Mara simu ikalia. Alikuwa Mzee Manirambona, mfugaji wa Kitanga, akisalimia kwa lugha ya kwao.

"Mwakeye, Esteri. Ng'ombe wangu Gaju ameingia kwenye joto, anataka dume tangu alfajiri. Mara mbili amepandikizwa, hakushika mimba. Safari hii akikosa, namuuza."

"Nakuja, Mzee."

Esteri akachukua koleo, akaelekea kwenye kikombe kilekile. Ininahazwe akaitambua mirija aliyoitoa. Angenyamaza, nani angejua?

"Shangazi, usichukue hiyo! Niliitoa nje nikaitazama. Kama dakika mbili."

Esteri akasogeza hadubini mezani. Kisha akatoa mrija mmoja wa kikombe kile na mwingine wa kikombe cha pili, akaiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu dakika, akaweka tone la kila mmoja chini ya hadubini.

"Angalia."

Tone la kwanza lilikuwa na vidoti vilivyotulia, vichache tu vikitetemeka. La pili lilijaa vidoti vyenye mikia, vikiogelea huku na huku.

"Hizo ni seli," alisema Esteri. "Zinapogandishwa, barafu hutengeneza vichembe vyenye ncha vinavyoweza kuzitoboa. Ndiyo maana huchanganywa na kiini cha yai na gliserini, vizikinge. Zikiyeyuka kidogo kisha zikaganda tena, barafu hukua na kuziua."

"Kumbe ndiyo maana unaziyeyusha haraka!"

"Naam. Na mara moja tu."

Mirija yote ya kikombe kile ikatupwa. Wakapanda pikipiki hadi Kitanga na mirija mizima, Gaju akahudumiwa.

Miezi tisa baadaye Mzee Manirambona aliwaita. Ndama jike mwekundu wa Gaju alikuwa anajaribu kusimama, akaanguka, akasimama tena. Ininahazwe akacheka hadi machozi yakamtoka.

Esteri akamshika bega. "Mwanangu, hamu yako ya kujua naipenda. Ila uliza kabla ya kugusa. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema siku ile, kungali na nafasi ya kurekebisha."