Uso Ndani ya Birika

Kila alasiri, Chiriku akitoka shule, alivua sare, akanawa mikono mara mbili, kisha akaketi kukunja mashati ya watu. Mama yake alikuwa dobi, na chumba chao cha mbele kilijaa nguo: nyingine kwenye kamba, nyingine mezani zikisubiri pasi. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Twiga, msichana mrefu kuliko darasa zima, alikaa naye dawati moja, na mara nyingi alifuatana naye nyumbani kunywa chai na kusikiliza porojo zake.

Muhula huo mwalimu wa sanaa aliwaagiza wanafunzi wajichore wenyewe. Mchoro bora ungetundikwa kwenye maktaba mpya ya shule. Kwa kuwa kioo cha nyumbani kilikuwa kimevunjika, Chiriku alilisugua birika mpaka likang'aa, akajichora kama alivyojiona ubavuni mwake. Pua ilivimba kama kiazi. Mkono ulioshika penseli ulikizidi kichwa kwa ukubwa, kamba za nguo zilipinda, na nyuma kabisa, mdogo kama kidole, alisimama mama akipiga pasi. Kazi hiyo ilimchukua siku nne. Twiga alipouona mchoro alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akautazama kwa muda mrefu.

Siku ya kukusanya kazi mama aliamka na homa, Chiriku akabaki kumuuguza. Alimpa Twiga mchoro aupeleke. Hakuwaza mara mbili; Twiga alikuwa kama ndugu.

Aliporudi shuleni aliukuta umebandikwa ukutani. Jina lake lilikuwa limefutwa, na juu ya alama ya ufutio limeandikwa la Twiga. Mwalimu alikuwa akimsifu Twiga, darasa likapiga makofi. Chiriku naye alijikuta akipiga, mikono ikienda yenyewe.

Wakati wa mapumziko alimfuata nyuma ya darasa. "Kwa nini umenifanyia hivi?"

Twiga alitazama viatu vyake. "Uso wenyewe umepinda. Hakuna atakayejua ni wako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko wizi wenyewe. Angefanya mtu baki angegombana naye, yakaisha. Lakini huyu alijua siri zake zote, hata mahali anapolia akiadhibiwa.

Jioni alikunja mashati kimya. Mama alimuuliza mara tatu kuna nini, na mara ya tatu Chiriku akaangua kilio, akaeleza yote. Mama aliweka pasi pembeni, akamwambia kwamba haki haiji yenyewe mlangoni; aende kwa mwalimu, aseme alichofanya na alichofanyiwa, asiongeze wala asipunguze.

Asubuhi alikwenda. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Twiga na kuwasimamisha wote wawili mbele ya mchoro. Hakufoka. Aliweka kidole pale nyuma.

"Twiga, mama huyu anayepiga pasi ni nani?"

Twiga alifungua kinywa. Ilikuwa rahisi kusema ni mama yake mwenyewe. Lakini mwanamke yule alikuwa amempigia pasi sare yake muhula mzima bila kumdai chochote, na uongo huo ukamshinda.

"Ni mama yake Chiriku," alisema, machozi yakimtiririka. Alieleza kwamba kaka yake aliucheka mchoro wake, akasema umechorwa na kuku, naye kwa aibu akauchana, akabaki hana wa kukusanya.

Siku hiyo hiyo alikiri mbele ya darasa, na Chiriku akaandika jina lake upya kwa wino. Mwalimu alimpa Twiga wiki moja achore wa kwake.

Jioni Twiga alikuja kuomba radhi. Chiriku aliitikia salamu tu, akaendelea kukunja. Mama alimmiminia mgeni chai, akamketisha.

"Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri maungo," alisema. "Sifa ulizopewa jana hazikuwa zako, ndiyo maana hazikukupa raha. Chora chako, hata kikiwa kibaya. Ukikipenda utakirekebisha." Kisha akamgeukia bintiye. "Na wewe, sikulazimishi kucheka naye leo. Kusamehe kuna mwendo wake. Ila usimfungie mlango mtu aliyekuja mwenyewe kusema kweli."

Chiriku alisogeza lundo la mashati katikati, Twiga akachukua moja, wakaanza kukunja.