Sekunde Nane

SAA 3:40 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka grisi na jasho. Kigingi alichora ramani sakafuni kwa chaki. Hakujua kuchora, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia bosi hivyo.

"Saa saba sonara anafunga duka, mke wake anamletea chakula. Akifungua mlango wa chuma, mimi na Mapengo tunaingia naye. Dakika nne. Dhahabu kwenye begi, tunatoka. Dereva, injini isizimwe."

"Halafu?" Dereva aliuliza.

"Halafu vichochoro vya viwandani. Kona kumi na moja mpaka kwenye gari la pili. Hatujawahi kupita huko, na leo hatupiti kujifunza. Walinzi wa mageti wana macho."

Simu zilikuwa marufuku. Genge la kwanza la Kigingi lilinaswa kwa sababu ya simu moja iliyosahauliwa mfukoni, na alikaa ndani miaka sita akiifikiria simu hiyo. Ndiyo maana macho yote yalimgeukia Fundi, mtengeneza simu mwembamba aliyeletwa kundini na mdogo wake, Dereva. Hakupendwa na mtu humo ndani isipokuwa mdogo wake huyo, na hata hilo lilikuwa la kutilia shaka.

Fundi aliweka mezani kifaa cha kuhesabia mizigo ghalani, cha zamani, skrini imechubuka. Hakina laini. Kinapokea satelaiti tu.

"Programu ya ramani ilikikataa," alisema. "Inataka simu. Basi nimeweka humu programu nyingine inayojifanya simu, na ramani nimeiweka ndani yake. Haijui kama imedanganywa."

"Kama mke wa Mapengo," Kigingi alisema. Mapengo alicheka kwa kulazimishwa.

"Tatizo ni uzito. Mashine moja inafanya kazi ya mashine mbili. Mshale unachelewa sekunde nane. Unakuonyesha ulipokuwa, siyo ulipo. Lazima nikae mbele, nimtajie Dereva kona kabla mshale haujafika. Na betri haimalizi hata saa moja, kwa hiyo tunawasha wakati wa kutoka tu."

Kigingi alitema mate pembeni ya mchoro wake. "Yaani unataka kiti."

"Mashine ndiyo inataka."

Fundi hakuwa mjinga. Gari lilikuwa dogo, begi lingekuwa kubwa, na kwa Kigingi asiye na kiti huachwa nyuma ili polisi wapate wa kushughulika naye.

SAA 4:25 ASUBUHI

Alijifungia stoo na kifaa chake. Akazima picha za majengo, akaondoa sauti, akapunguza rangi hadi ramani ikabaki mistari mitupu. Kisha akatoka uani, akatembea nacho. Mshale ukatembea naye hatua kwa hatua. Haukuchelewa hata kidogo.

Furaha yake haikudumu. Mshale usiochelewa hauhitaji mtu wa kuusemea. Fundi alizima kifaa na kufunga mdomo. Angemwambia mdogo wake wakishapita kona ya kwanza, kiti kikiwa chake tayari.

SAA 7:02 MCHANA

Mke wa sonara aliingia na vyombo vya chakula. Kigingi na Mapengo wakaingia nyuma yake kabla mlango haujarudi. Ndani ya gari walibaki ndugu wawili na injini.

"Kaka."

"Nini?"

"Ule mshale. Bado ni sekunde nane?"

Fundi alimtazama. Huyu ndiye mdogo ambaye yeye mwenyewe alimfundisha baiskeli, akikimbia nyuma ameshika kiti. Ukweli ulimfika kwenye ulimi. Lakini dogo huyu tangu utotoni hakujua kutunza siri, na Kigingi angetoka muda wowote.

"Nane," alisema. "Si nilikuambia?"

Dereva akaitikia kwa kichwa. Midomo yake ilicheza, moja, mbili, tatu, kimya kimya. Fundi aliona, akadhani ni woga.

SAA 7:06 MCHANA

Mapengo alitoka na begi, akajitupa kiti cha nyuma. Kigingi alifuata, shati lina damu isiyo yake. Akafungua mlango wa mbele, akamkamata Fundi kwenye kola na kumbwaga chini. Kifaa kilibaki juu ya dashibodi, kimewaka.

"Nane, siyo? Mdogo wako anajua kuhesabu. Tangu ulipojifungia stoo tunafanya mazoezi."

Dereva alitazama mbele. "Nisamehe, kaka. Aliniahidi hatakugusa."

Mlango ukafungwa. Fundi alisimama, akagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

"Hauchelewi! Nimeurekebisha! Fuata mshale, usihesabu!"

"Anatafuta kiti," Kigingi alisema. "Ondoa gari."

Dereva alimtazama kaka yake mara moja. Dakika nne zilizopita mdomo huo huo ulimwambia nane. Akakanyaga mafuta.

Fundi aliijua ile ramani kwa moyo. Kabla ya kona ya kwanza kuna kichochoro kingine, upana ule ule, kinachoishia kwenye ukuta wa kiwanda cha mbao. Aliliona gari likikata kulia mapema, kwa mwendo wa kutisha, likapotelea humo. Kisha akasikia kishindo.

Sonara alikuwa mlangoni ameshika kichwa, akipiga kelele, "Majambazi!" Watu walianza kutoka madukani. Kushoto kulikuwa na stendi iliyojaa abiria, na mtu akiingia pale hapatikani tena. Fundi alitukana tusi zito, akakimbilia kulia.

SAA 7:09 MCHANA

Gari lilikuwa limejikunja ukutani. Kigingi alilala juu ya boneti, hatikisiki. Mapengo alikuwa ameruka ukuta akichechemea, begi ameliacha. Usukani ulikuwa umembana Dereva kifuani. Kifaa kilikuwa mapajani mwake, bado kinawaka, na mshale umesimama pale pale ukutani.

"Kaka," Dereva alisema, damu kwenye meno. "Nilihesabu vizuri. Naapa."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Fundi alivuta mlango. Haukufunguka. Akapitisha mkono dirishani, akaushika mkono wa mdogo wake, na ulikuwa baridi.

"Kwa sababu nilikudanganya," alisema.

King'ora kikakata kona, kikaingia kichochoroni. Fundi hakuuachia ule mkono.